Mwongoza watalii mgeni kufanya kazi nchi ya watu: tufunge mlango kabisa au tuweke mtihani? (Bagamoyo inatuuma)

#1 Kijana wa Dunda

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo linalonikera muda mrefu. Naomba maoni ya watu wa utalii na hata wasio wa utalii.

Ninaongoza watalii hapa Bagamoyo. Leseni ninayo, kitambulisho kipo shingoni. Siku hizi makundi mengi yanakuja na mtu wao kutoka hukohuko kwao. Basi likisimama Ngome Kongwe anashuka yeye wa kwanza, ananipa mkono kwa heshima, kisha ananiomba nitembee nyuma niangalie asipotee mtu. Ngome anaeleza yeye. Boma la Wajerumani yeye. Misheni yeye. Tukifika Kaole kwenye makaburi, anafungua simu na kusoma. Mimi nahesabu vichwa na kugawa maji. Jioni ananiletea karatasi ya kampuni nisaini penye "mwongoza watalii", kwa sababu karatasi inataka Mtanzania.

Kilichonifanya nifungue uzi ni cha wiki hii. Mgeni mmoja wa namna hiyo kawaambia watu wake kwamba Abushiri, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapa Bagamoyo. Nilikuwa nimesimama palepale. Kumsahihisha mbele ya watu wake sikuweza, maana ndiye anayepanga nani aitwe tena.

Swali: nchi ina haki ya kumzuia kabisa mgeni asiongoze watalii, au aruhusiwe kihalali, afanye mtihani kama sisi? Na tukifunga, vijana wetu walioko nje wanaofanya kazi hiyohiyo tutawasemea nini? Msimamo wangu ni huu: njiani na kwenye basi aongee atakavyo, ila ndani ya eneo la historia aongee raia mwenye leseni. Nipingeni kwa hoja.

#2 Bi Nianjema

Siti ya mbele. Ngoja waje wenye vifungu vyao.

#3 Nahodha wa Pangani

Kabla ya sheria tuweke sawa hilo la Abushiri, maana huyo ni wa kwetu. Alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kukamatwa na kukabidhiwa kwa jeshi la Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Bagamoyo walinyongwa wapiganaji wengine, ndiyo maana kuna lile jiwe la kumbukumbu karibu na ufuko.

Lakini Kijana wa Dunda, usimbebeshe mgeni peke yake. Nimewasikia vijana wa Bagamoyo kwa masikio yangu wakiwaambia wazungu hivyohivyo ili ziara inoge. Mnatuibia mpaka marehemu.

#4 Mkwere Asilia

Pangani mmebakiwa na Abushiri na minazi, acheni watu wafanye kazi 😀

Kwenye mada: afungiwe, kwisha. Mwaka 2025 Rais alishatoa amri kwamba kuongoza watalii ni kazi ya mzawa. Kinachokosekana ni watu wa kwenda kuwakamata pale Misheni. Mgeni aje ale samaki, alale, alipe, arudi kwao. Simulizi za babu zangu asiniuzie yeye.

#5 Wakili wa Mtaani

Mkwere, amri ile haikutoka kwa Rais. Ilisainiwa na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, tarehe 28 Julai 2025, chini ya sheria ya leseni za biashara. Ina orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya: kutengeneza simu, uwakala wa fedha kwa simu, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini, na kuongoza watalii pia imo. Mgeni akikutwa, faini haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali cha kuishi kinafutwa.

Wala si jambo jipya. Sheria ya Utalii ya 2008 ilishawatengea Watanzania kazi ya kuongoza watalii, pamoja na kupandisha watu milimani. Kwa hiyo swali la mleta uzi "nchi ina haki" limejibiwa miaka mingi.

Ugumu uko hapa. Amri inazungumzia biashara na leseni. Yule anayekuja na kundi ameajiriwa kwao, analipwa kwao, hajaomba leseni yoyote hapa. Atakuambia yeye ni kiongozi wa msafara, anaangalia pasipoti na vyakula vya wenye mzio. Akifungua mdomo pale Ngome Kongwe, je, anafanya biashara au anapiga soga na wenzake? Mimi naona anafanya kazi, na kazi ya mgeni inataka kibali chini ya Sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Mwanasheria mwingine atakubishia na atakuwa na hoja.

Halafu Kijana wa Dunda, sikiliza vizuri. Amri hiyohiyo inamtaja raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa: faini milioni 5 au kifungo miezi mitatu. Hiyo sahihi yako ya jioni iangalie.

#6 Kijana wa Dunda

Wakili, ahsante. Hilo la milioni 5 sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote, si kampuni, si wenzangu. Kwa hiyo nikisaini kuwa nimeongoza wakati kaongoza mwingine, nimemficha?

Nahodha, nakubali Abushiri ni wa Pangani. Lakini kijana wa Bagamoyo akipotosha kuna mahali pa kumshitaki, leseni yake inaweza kuguswa. Huyu akipotosha anapanda ndege.

#7 Mtu wa Mawenzi

Salaam kutoka Moshi. Mlimani jambo hili tulishalimaliza, na sielewi kwa nini pwani mnahangaika nalo.

Makundi yanakuja na viongozi wao, wengine wamepanda milima mikubwa kuliko huu wetu. Hakuna anayewakataza kuja. Wanalipa tozo za hifadhi kama mgeni yeyote, wanatembea, wanawatia moyo watu wao. Ila mgeni akianza kutapika na kuchanganya maneno kule juu, uamuzi wa kumshusha ni wa mwongozaji wetu mwenye leseni. Mimi nimewahi kubishana usiku wa manane na kiongozi wa aina hiyo aliyetaka mtu wake afike kileleni kwa sababu amelipa. Nilimshusha yule mgeni, kesho yake alikuwa mzima anakunywa chai. Sikuhitaji kugombana na mtu kuhusu nani bosi, taratibu za hifadhi ziko upande wangu.

Kwa hiyo shida yenu si uraia wa yule mtu. Shida ni kwamba kwenye magofu hakuna kitu ambacho ni lazima mwongozaji mwenyeji akifanye. Hakuna anayekufa kwa kudanganywa tarehe.

#8 Mkwere Asilia

Mtu wa Mawenzi, hiyo sentensi yako ya mwisho sijaipenda hata kidogo. Watu walikufa hapa. Njia ya watumwa inaishia hapa. Ukidanganya tarehe na majina unawadanganya waliokufa na wajukuu wao. Au kwenu Kilimanjaro historia ni theluji tu?

#9 Mtu wa Mawenzi

Mkwere, punguza moto. Nasema mfumo hauoni hasara yake, sisemi hasara haipo. Soma tena.

#10 Dawati la Safari

Nafanya kazi kampuni ya utalii Dar, upande wa kupanga safari. Niwaambie jinsi inavyokwenda, maana mnamlaumu mtu anayetembea na bendera ndogo wakati mpango umepangwa mbali.

Mgeni ananunua safari yake kwao, kwa kampuni ya kwao, analipa kwao. Kampuni ile inaninunulia mimi usafiri, hoteli na viingilio. Mtu wao wanamleta kwa sababu mbili. Kwanza bima na malalamiko: mgeni akivunjika mguu anataka mtu anayemjua, anayeongea lugha yake. Pili, na hii hawaisemi, yule mtu ndiye anayewauzia safari ya mwaka ujao. Wageni wakimpenda mwongozaji wa Bagamoyo kuliko yeye, mwakani wanamtafuta mwongozaji moja kwa moja. Kwa hiyo kukaa kwako nyuma kugawa maji si bahati mbaya.

Lugha nayo ni kweli. Kingereza tumejaa. Mjerumani na Mfaransa napata mtu. Kundi la Wapolandi au Wakorea likija, nampata wapi mwongozaji wa Bagamoyo wa lugha hiyo? Mkimfungia mgeni asiongee, nani ataongea? Na kundi likiona usumbufu linakata Bagamoyo kwenye ratiba, linavuka Unguja moja kwa moja. Bagamoyo ni ziara ya nusu siku. Kuifuta kwenye ratiba ni rahisi mno, nimeshaiona ikifutwa.

#11 Bi Nianjema

Dawati, mbona vijana wa Unguja waliokota Kiitaliano ufukweni bila darasa? Leo wanakiongea utadhani wamelelewa kule. Kampuni zikitoa uhakika wa kazi, vijana wa Magomeni ya hapa Bagamoyo watajifunza hata Kikorea. Nani asome lugha ambayo mwisho wake ni kuhesabu vichwa?

#12 Baharia Mstaafu

Mnaodhani sisi ndio wagumu, tembeeni. Thailand kuongoza watalii ni kazi ya raia tu, na polisi wa utalii wanakamata kweli. Uturuki lazima uwe raia, na leseni. Misri kwenye mapiramidi usijaribu. Hakuna anayewaita wabaguzi. Wageni wanakwenda kwa mamilioni vilevile.

Mimi naunga mkono kufunga. Watakaotaka kukata Bagamoyo wakate, watarudi.

#13 Binti wa Pwani aliyeko Berlin

Nimesoma mpaka hapa na moyo unanidunda, kwa sababu mimi ndiye "mwongoza watalii mgeni" mnayemzungumzia, ila upande wa pili.

Nimezaliwa Bagamoyo. Hapa Berlin nawatembeza watu, wengi wao Wajerumani, kwenye mitaa yenye historia ya ukoloni. Ujerumani hakuna leseni ya lazima ya kuongoza watalii. Ukiwa na kibali cha kuishi kinachokuruhusu kufanya kazi na unalipa kodi, simama mtaani uongee. Hakuna aliyeniuliza babu yangu alikuwa nani.

Na naongea nini? Naongea habari zenu. Neukölln kulikuwa na mtaa wenye jina la Wissmann, huyohuyo wa Nahodha hapo juu. Tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanamama wa Tanganyika. Kule Wedding kuna eneo wanaloliita Mtaa wa Waafrika, na palikuwa na njia yenye jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani. Agosti 2024 ikagawanywa mara mbili, kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine Maji Maji. Waafrika wanaoishi hapa, Watanzania wakiwemo, walipigania majina hayo miaka mingi, na sehemu ya mapambano yao ilikuwa hizi ziara za miguu. Sheria ya Berlin ingesema "ni raia tu", nani angewaambia Wajerumani Wissmann alifanya nini Pwani?

Kwa hiyo mimi nataka mlango ukae wazi. Mtihani uwepo, mgumu, kwa kila mtu.

#14 Mkwere Asilia

Dada yangu Binti, nakuheshimu na kazi yako naipenda. Ila mizani hailingani. Wewe unawaambia Wajerumani habari zako ndani ya nchi yao. Yule wa Ngome Kongwe anawaambia wenzake habari zangu ndani ya nchi yangu, na mimi nimesimama kimya nagawa maji. Hizo ni kazi mbili tofauti ingawa zote zinaitwa kuongoza watalii.

#15 Binti wa Pwani aliyeko Berlin

Kaka Mkwere, na nikiongoza watu kwenye ukuta wa Berlin, ambao si habari yangu? Huwa nafanya hivyo pia, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Nilisoma, nikawasikiliza wazee wa hapa, nikajua. Niache?

#16 Mswahili wa Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ni dereva na mwongozaji, napita Lunga Lunga na Horohoro mara kwa mara.

Ndugu zangu, mnazungumza kama wageni wote ni wazungu. Mimi ni mgeni kwenu? Kiswahili changu na chenu kimoja, mabibi zetu wamezikwa pande zote mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010. Lakini nikileta kundi Tanga au Bagamoyo, nalikabidhi mpakani kwenye gari la Tanzania. Sisi Kenya tuna mitihani ya waongozaji ya chama chao, unaanza shaba, unapanda fedha, unafika dhahabu. Mtu wa dhahabu amekesha miaka na vitabu vya ndege na wanyama. Huyo naye akija kwenu ni sawa na mtu mwenye simu?

Mimi nimekulia na historia yenu, najua mpaka alipofia Livingstone hapo Bagamoyo. Nipeni mtihani wenu nifanye.

#17 Mzee wa Kisutu

Mwanangu wa Likoni, mtihani utaufeli. Livingstone hakufia Bagamoyo. Alifia kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo wake ulizikwa kulekule. Mwili uliokaushwa ukabebwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma na wenzao, mpaka hapa, ukafika Februari 1874, ukalazwa Misheni usiku mmoja kabla ya kupelekwa Unguja na mwishowe London. Wale waliombeba ndio watu wa kusimuliwa, na hao ndio wageni huwa hawaelezwi.

Niongeze moja, kwa kuwa mmesahau kazi hii ilianzia wapi. Karne ya 19 kila mzungu aliyetaka kwenda bara alikuja kutafuta kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, pwani hii. Burton na Speke mwaka 1857 walianzia upande wa Kaole. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, Cameron akafuata 1873. Katika safari zote hizo alikuwemo mtu mmoja, Sidi Mubarak Bombay. Na Bombay hakuwa Mkwere wala Mzaramo. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani mtoto, akapelekwa India, akarudi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kwa watu wa Bagamoyo wa wakati ule, wote hao walikuwa wageni. Aliyeijua njia ndiye aliyetangulia.

Sasa mimi siamui mbivu wala mbichi. Akina Bombay waliolipwa kuongoza misafara ile vitabu viliwataja kidogo sana, sifa zikaenda kwa aliyeongozwa. Kijana wa Dunda anayegawa maji naye karibu atakuwa hivyo.

#18 Kijana wa Dunda

Shikamoo mzee. Hayo ya Bombay ndiyo nataka niyaseme pale Ngome, na ndiyo sipewi nafasi kuyasema.

#19 Mswahili wa Likoni

Mzee marahaba ya elimu, nimeipokea. Ila si nimekwisha kujifunza? Mpaka mtihani ufike nitakuwa tayari.

#20 Mchumba wa Amboni

Tanga tupo. Mada nzuri lakini tujitazame na sisi. Pale mapango ya Amboni watembezaji, tena raia halisi wenye vitambulisho, bado wanawaambia wageni kwamba njia ya pangoni inatokea Mombasa. Mombasa ni zaidi ya kilomita 100 kutoka pale. Wataalamu waliopima mapango hawakuikuta njia hiyo. Wageni wanapiga picha, wanaandika kwenye mitandao, na sisi tunaitwa watu wa hadithi.

Kwa hiyo Mkwere, raia akisema uongo ni utamaduni, mgeni akisema uongo ni uhalifu?

#21 Nahodha wa Pangani

Mchumba, hadithi ya pango la Mombasa ina mahali pake, mradi iambiwe kuwa ni hadithi. Na ya Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwaibia matajiri na kuwagawia maskini, mimi nimeikuta kwa wazee. Mwongozaji mzuri anakuambia: hili limepimwa, hili linasimuliwa. Mgeni mwenye simu hawezi kutenganisha, maana zote kazikuta kwenye ukurasa mmoja.

#22 Mswahili wa Likoni

Na nikithibitisha: upande wa Mombasa hakuna aliyewahi kumwona mtalii wa Amboni akichomoza 😀

#23 Dawati la Safari

Likoni, usijifanye umesahau yenu. Desemba 2014 serikali yenu ilizuia magari ya utalii ya Tanzania kuchukua wageni uwanja wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 sisi tukapunguza safari za ndege zenu kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ikabidi Kikwete na Uhuru wakutane Namibia waliyamalize. Wiki zile nilikuwa na wageni wamekwama Nairobi, nabembeleza madereva wa Kenya wawafikishe Namanga. Mlango ukifungwa kwa hasira anayeumia ni mtu wa dawati, waziri hana habari.

#24 Mswahili wa Likoni

Sawa, lakini waambie na chanzo. Yale yalitokana na makubaliano ya 1985 yanayosema gari la huku lisiingie hifadhi za kule na la kule lisiingie za huku. Na geti la Bologonja kati ya Serengeti na Maasai Mara limefungwa kwa watalii tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977. Yaani nyumbu anavuka, mtalii anazunguka mpaka Namanga. Tusiseme nani alianza, hatutalala.

#25 Wakili wa Mtaani

Likoni, itifaki haikufungui mlango kama unavyodhani. Kila nchi iliandika jedwali lake la kazi na huduma itakazofungua na lini. Mikataba ya kutambuana kwa vyeti ipo kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Waongoza watalii hawamo. Ndiyo maana dhahabu yako ikifika Horohoro haina mtu wa kuisoma. Hapo ndipo pa kushinikiza, kuliko kulalamika kwamba tunakubagua.

#26 Binti wa Pwani aliyeko Berlin

Nimepata la kumpa Kijana wa Dunda, na nadhani linakaribiana na msimamo wake wa kwanza.

Ulaya waliligombania hilihili mahakamani. Ufaransa, Italia na Ugiriki zilitaka kila anayeongoza kundi awe na leseni ya nchi yao, hata kama amekuja na kundi hilo kutoka nchi nyingine ya jumuiya. Februari 1991 Mahakama ya Ulaya ikasema hapana, leseni ya namna hiyo inazuia huduma kupita kiasi. Isipokuwa kwenye makumbusho na majengo ya historia ambayo yanatembelewa kwa mwongozaji maalumu tu. Hapo nchi inaruhusiwa kudai mtu wake mwenye leseni.

Kwa hiyo wa msafara anaongea kwenye basi na mitaani, na ndani ya jengo la historia anaongea mtaalamu. Hiyo ni karibu neno kwa neno na ya Kijana wa Dunda.

#27 Mkwere Asilia

Na Bagamoyo mji mzima ni jengo la historia. Basi asiongee popote 😀

#28 Wakili wa Mtaani

Mkwere anatania lakini kagusa penyewe. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni barabara za watu, watu wanaishi, wanauza vitumbua. Mstari utauchora wapi? Kaole kuna uzio na kiingilio, hapo ni rahisi. Makumbusho ya Misheni yana wenyewe. Lakini mtaa mzima wa India na zile nyumba zenye milango ya nakshi? Mgeni akisimama barazani kwa mtu akaeleza mlango, atakuwa ndani au nje?

Kesi ile ya Ulaya pia ilihusu nchi za jumuiya moja. Haimsaidii Mkorea hapa, labda Likoni.

#29 Mtumwa wa Karafuu

Nasoma kutoka Unguja. Mnasema "sheria, sheria", lakini Sheria hiyo ya Utalii ya 2008 ni ya Bara. Huku tuna Kamisheni ya Utalii Zanzibar na vitambulisho vyetu. Mimi raia wa Tanzania, nina leseni ya huku, nikivuka na wageni wangu kwa boti mpaka Dar na kuwaleta Bagamoyo, ni mwenyeji au mgeni? Na mtu wa Dunda akija kuongoza Mji Mkongwe wetu je? Msijibu harakaharaka.

#30 Wakili wa Mtaani

Kwa uraia uko salama. Kwa leseni, ya Bara unaihitaji. Hapo ndipo utaona kuwa uraia na ujuzi ni vitu viwili, na Baharia na Mkwere wanavichanganya tangu ukurasa wa kwanza.

#31 Baharia Mstaafu

Sichanganyi. Uraia kwanza, ujuzi pili. Mgeni akiruhusiwa kwa mtihani, atakayefaulu kwa wingi ni mwenye muda na pesa ya kusoma. Kijana wa Dunda anatembeza watu mchana, anavua usiku. Miaka michache tu utakuta waliofaulu vizuri habari za Kaole wote wana majina ya mbali, na mwenyeji yupo getini anakata tiketi. Mtihani unaonekana wa haki kwa sababu karatasi ni moja, ila wanaokaa kuufanya hawajatoka mahali pamoja.

#32 Mtu wa Mawenzi

Baharia hapo umepiga. Sina jibu la haraka. Ila nitajie kazi gani nyingine tunailinda bila kuuliza kama anayelindwa anaijua. Huku mlimani nimeona wenye leseni ambao singewakabidhi mbuzi wangu.

#33 Bi Nianjema

Kijana wa Dunda, tuachane na Ulaya kidogo. Kundi likija kesho utafanya nini?

#34 Kijana wa Dunda

Nimezungumza na mzee mmoja wa chama chetu baada ya kusoma hapa. Tumeamua sisi wenyewe, bila kusubiri waziri: karatasi hatusaini kama hatujaongea. Na kampuni ikipiga simu kuagiza mwongozaji tunauliza mapema, nani anaeleza Ngome, nani anaeleza Kaole. Kundi la lugha tusiyoijua, mwongozaji wetu aeleze kwa Kingereza, mtu wao atafsiri. Akitafsiri vibaya nitajua kwa sura za wageni.

Dawati, najua utasema watakata Bagamoyo.

#35 Dawati la Safari

Wengine watakata, nisikudanganye. Wengine watakubali, hasa ukiwa na kitu ambacho mtu wao hana. Hiyo ya Susi na Chuma na ya Bombay, iwekeni mbele. Nitumie jina la chama faragha.

#36 Mkwere Asilia

Kutafsiri ndiyo nini? Bado mgeni ndiye wanayemsikia masikioni mwao. Sijakubali.

#37 Mswahili wa Likoni

Na mimi nina kundi dogo, Wakenya na Waswisi wawili, tunapitia Horohoro kisha Pangani kuja Bagamoyo mwezi ujao. Gari nalibadilisha mpakani kama kawaida. Mimi nitakaa kwenye basi kama abiria. Nikiwaambia jambo moja la Livingstone, lililo sahihi sasa, mtaniitia polisi?

#38 Kijana wa Dunda

Karibu sana kaka. Kwenye basi sema. Kaole nasema mimi.

#39 Nahodha wa Pangani

Na Pangani nasema mimi, Abushiri simwachii mtu. Malipo?

#40 Mswahili wa Likoni

Kundi limeshanilipa mimi Mombasa, safari nzima. Nitawatoa ninyi kwenye fungu hilo.

#41 Wakili wa Mtaani

Ngojeni hapohapo. Kalipwa Likoni, kwa shilingi za Kenya, kazi ya Kaole na Pangani, kisha anawalipa raia wawili wenye leseni. Biashara ya kuongoza watalii hapo kaifanya nani, na kaifanyia wapi?